FUKO WA SHAMBANI NA SUMU YA NYUMBANI

Pengine mutauliza kwa sababu gani kitabu cha hospitali kinaleta habari ya fuko. Mutasema: fuko ni jambo la walimaji, munganga aangalie dawa zake. Mimi vilevile nilifikiri hivi zamani. Lakini hapa katika milima ya Kivu fuko anatuletea wagonjwa kwa njia tatu. Anakula maharagi na viazi, na watoto wa nyumba ile wanabaki na ugali mutupu, hata miguu yao inavimba na nywele zao zinageuka rangi, ndio bwaki. Tena watu wanamutega vibaya na kujiumiza. Tena wanamuwekea sumu, na sumu inarudi nyumbani. Njia hii ya tatu ni mbaya kupita zile mbili, na kwa sababu yake nimeandika maneno haya.

Nitawaelezea jambo nililoliona kwa macho yangu. Katika majira ya kupanda maharagi mama mumoja alifika kwetu usiku pamoja na shemeji yake. Kila mumoja alibeba mutoto mugongoni. Watoto wale walikuwa ndugu, mukubwa wa miaka tisa, mudogo wa miaka sita. Walikuwa wakitapika na kushika tumbo, na pumzi yao ilikuwa na harufu kama ya kitunguu saumu. Niliogopa mara moja, kwani nilijua harufu ile si ya chakula.

Baba yao alifika nyuma, taa mukononi. Alieleza yote pasipo kuficha. Fuko alikuwa ameharibu mistari mine ya viazi vyake. Basi alinunua sokoni unga wa rangi ya majivu, uliofungwa ndani ya kikaratasi kisicho na jina. Akakata viazi vitamu vipande vipande, akavipaka unga ule, akavisukuma ndani ya njia za fuko, akafunika na udongo na kukanyaga. Alifikiri mambo yamekwisha. Lakini fuko hapendi kitu kigeni ndani ya njia yake. Siku ya pili alisukuma vipande vile inje pamoja na udongo. Watoto walikuwa wakikata majani ya mbuzi, wakaviona juu ya udongo mupya, wakavipanguza kwa nguo, wakavichoma ndani ya majivu pamoja na viazi vingine. Mukubwa alikula kidogo akaacha, akisema havina utamu. Mudogo akala na sehemu ya ndugu yake.

Mudogo alikufa mbele ya jogoo kuwika. Mukubwa alikaa kwetu siku nane, kisha akarudi nyumbani. Baba aliniambia mara tatu: "Nilifunika vizuri, munganga. Nilifunika vizuri." Alisema kweli. Juma lililofuata tulikwenda kuomba pamoja nao, nikaona vilima viwili vipya vya udongo katika shamba lile lile. Fuko alikuwa muzima.

Sikuweza kumuhukumu baba yule. Mwaka mumoja mbele ya mambo haya, mimi mwenyewe nilitia vidonge vya kulinda maharagi ya gunia ndani ya njia za fuko. Nilifanya hivi katika uwanja wa majani mbele ya chumba cha wagonjwa, kwa sababu wazee wenye fimbo walikuwa wakijikwaa juu ya vilima vyake. Nilisukuma vidonge, nikafunika, nikajisifu. Usiku mulinzi alinigongea mulango: kulikuwa harufu mbaya karibu na ukuta. Njia moja ya fuko ilipita chini ya sakafu, na wagonjwa sita walikuwa wakilala juu yake. Tuliwatoa wote inje katika baridi hata asubuhi. Hakuna aliyepata hasara, na ninamushukuru Mungu kwa hiyo. Tangu siku ile hatutii sumu tena katika uwanja wala katika bustani.

FUKO NI NYAMA GANI?

Watu wanasema "fuko" kwa nyama wawili walio mbali sana mumoja na mwingine. Mumoja ni mwizi. Mwingine anapigwa kwa zambi za mwenzake.

Mwizi ni wa jamaa ya panya. Mwili wake ni munene, urefu wake unapita kiganja cha mutu mukubwa, manyoya ni ya hudhurungi ao meusi, mukia ni mufupi, macho ni madogo sana lakini yanaonekana. Mutamutambua kwa meno. Ana meno mane makubwa ya mbele, rangi yake kama machungwa yaliyoiva, nayo yanakaa inje ya midomo. Mungu alimuumba hivi kusudi akate udongo kwa meno pasipo kuula, kwani midomo yake inafungwa nyuma ya meno. Anakula mizizi ya majani, viazi vitamu, viazi vya kizungu, mihogo, maharagi, hata mizizi ya mugomba. Njia zake za kutafuta chakula zinapita karibu na uso wa udongo, pale mizizi ilipo. Chini zaidi ana chumba chenye majani makavu cha kulala, na mahali pa kuweka akiba ya mizizi, na mahali pengine pa uchafu wake. Tuseme kweli, kuna nyumba za watu zisizokuwa na choo, na fuko anacho.

Kila fuko wa namna hii anakaa peke yake ndani ya njia zake. Wanakutana kwa kuzaa tu, na mama anazaa watoto wachache kwa mara moja, pengine mumoja, pengine wawili. Shikeni neno hili, kwani lina faida kubwa. Vilima ishirini vya udongo katika shamba si fuko ishirini. Mara nyingi ni kazi ya fuko mumoja. Mutu akimukamata yule mumoja, shamba lote linapumzika. Panya wa nyumba wanazaa kwa upesi hata mutego unachoka, lakini fuko hazai vile.

Nyama wa pili ni mudogo, anaenea ndani ya kiganja. Manyoya yake yanangaa kama yaliyopakwa mafuta, ukimugeuza juani utaona rangi ya zahabu. Mukia wake hauonekani. Macho yake yamefunikwa na ngozi, haoni kabisa. Hana meno makubwa ya inje. Anachimba kwa makucha ya mikono. Huyu hali viazi. Anakula nyungunyungu na mabuu, wale wadudu weupe wanaokata mizizi ya miche yenu. Katika majani mafupi ya uwanja anainua udongo kama mushipa uliovimba chini ya ngozi, kwa kuwa anapita juu juu. Ukimukuta, kanyaga udongo ule kwa muguu urudi chini, na umuache aende zake. Mwaka jana vijana waliniletea watano waliowaua, wakingoja zawadi. Nilifungua kinywa cha mumoja mbele yao, nikawauliza: Kwa meno haya mangapi alikula kiazi cha mama yenu? Wakacheka, lakini wale watano walikuwa wamekwisha kufa.

Kwa wasomaji wetu wa Katanga ninaongeza neno moja. Huko kuna fuko wa namna nyingine wanaokaa jamaa nzima ndani ya njia zile zile, mama mumoja anazaa na watoto wakubwa wanafanya kazi. Ninyi musifikiri kwamba mumoja akikamatwa kazi imekwisha. Tegeni tena mahali pale pale siku nyingi.

MUTEGO

Nabii Isaya alimutaja fuko pamoja na popo (Isaya 2:20), kwa kuwa ni nyama wa gizani. Wahubiri wamezoea kutumia neno lile kanisani juu ya sanamu. Mimi ninataka mulitumie shambani vilevile. Fuko anachukia nuru na upepo. Njia yake ikifunguliwa, hatulii. Lazima arudi kuifunga kwa udongo. Wazee wetu walijua tabia hii zamani sana, na mutego wao umejengwa juu yake.

Jioni, tembea shambani na usawazishe vilima vyote kwa jembe. Asubuhi utazame pale palipo udongo mupya, wenye maji maji bado. Hapo ndipo fuko anafanya kazi; vilima vingine ni vya zamani, usipoteze nguvu. Katikati ya vilima viwili vipya chukua kijiti chenye ncha, uchome chome udongo. Kijiti kikizama gafula, umepata njia. Ifungue kwa jembe, usafishe udongo ulioanguka ndani.

Sasa kata fito mbichi yenye nguvu, ndefu kama mutu, usimamishe kando ya shimo na kuichomeka sana. Kwenye ncha yake funga kamba mbili. Ya kwanza ni ya nguvu, mwisho wake ni kitanzi. Kitanzi kinasimama ndani ya njia, kimebanwa kwenye ukuta wa udongo kote kuzunguka, kusudi fuko apitishe kichwa pasipo kukigusa. Kamba ya pili ni nyembamba, ya nyuzi za mugomba. Pinda fito hata ielekee chini, uifunge kwa kamba hii ya pili kwenye kijiti kilicholazwa chini, kamba ikipita katikati ya njia, mbele kidogo ya kitanzi, na kuizuia. Fuko anakuja na udongo wake kufunga shimo. Anakuta kamba inamuzuia. Hawezi kuvumilia kizuizi ndani ya nyumba yake, anaikata kwa meno. Fito inaruka juu, na kitanzi kinamushika.

Wengine wanatumia waya pahali pa kamba ya kitanzi. Ni vema, lakini waya uliosahauliwa shambani unakata miguu ya mbuzi na ya watoto. Hesabu mitego yako, na siku ukimaliza uitoe yote. Na unapopinda fito, weka uso wako kando. Nimeona jicho moja lililopotea hivi, la kijana aliyeinama kutazama kama kitanzi kimesimama sawa.

Tazama mutego asubuhi na jioni. Shemasi mumoja aliniuliza kama ni halali kutazama mutego siku ya Mungu. Nilimujibu: ukitega siku ya posho, utazame siku ya Mungu, kwani nyama aliyeshikwa anateswa siku zote sawasawa. Kama hutaki, usitege siku ya posho.

Kuna namna ya pili, ya watu wenye uvumilivu. Fungua njia, kisha simama na jembe nyuma ya shimo, hatua moja toka mwanzo wake, juu ya njia yenyewe. Usitembee, usiongee, kwani fuko anasikia udongo ukitikisika. Anapokuja na kuanza kusukuma udongo, piga jembe nyuma yake kwa nguvu, umukatie njia ya kurudi, kisha umutoe. Mimi sina uvumilivu huo. Bibi yangu anao, na amekamata wengi kunipita.

Moshi wa pilipili, maji ya ndoo, petroli: nimeona vyote vikijaribiwa. Fuko akisikia moshi ao maji, anaziba njia kwa udongo upande wa ndani na kungoja. Nayo petroli imeunguza watu, haikuunguza fuko. Tusiseme zaidi.

Watu wengi wanapanda kando ya shamba ule mumea wa kulevya samaki, ndio tefrosia, wakisema fuko anakimbia mizizi yake. Katika mashamba fulani nimeona unasaidia, katika mengine fuko amepita kati ya shina na shina kama mutu anayepita sokoni. Kuupanda si vibaya, kwa sababu unaongeza nguvu ya udongo kama maharagi yanavyofanya. Lakini usiwe ndio tegemeo lako, tena musitupe majani yake ndani ya muto ao chemichemi, kwani unaua samaki.

Lililo na nguvu zaidi ni kutega pamoja. Njia za fuko aliyekufa hazikai bure. Fuko wa jirani anaziona na kuingia, kama mutu anayepata nyumba iliyokwisha kujengwa. Mutu mumoja akitega na jirani zake wanne wasitege, atatega siku zote. Wamama wa mulima mumoja karibu nasi walipatana kutega wote katika juma moja, mwanzo wa mvua, wakati udongo ni mulaini na vilima vipya vinaonekana wazi. Walikamata thelathini na mumoja. Majira yale walivuna maharagi. Vilevile musiache viazi vilivyokomaa udongoni miezi mingi mukivifanya kuwa gala; kile munachokiita akiba, fuko anakiita karamu. Na mukate majani marefu ya kando ya shamba, kwani huko ndiko anakojificha na kula mbele ya kuingia kwenu.

Tena muwaache bundi. Ninajua watu wanasema bundi ni ndege wa wachawi, na akilia juu ya nyumba mutu atakufa. Katika hospitali watu wanakufa usiku ambao bundi hakulia, na wengine wanapona usiku ambao amelia toka jioni hata asubuhi. Bundi analia kwa sababu ni bundi. Usiku fuko akitoka juu ya udongo, yeye ndiye anayemukamata, pasipo kuomba malipo.

VIDONDA NA VIROBOTO

Udongo wa shamba, zaidi ule wenye mavi ya nyama, unabeba mbegu za tetanosi, ndio pepopunda. Mbegu zile zinaingia kwa kidonda kidogo cha fito, cha waya ao cha jembe. Kidonda kinapona, mutu anasahau, kisha taya linakaza na mugongo unapindika. Kwa hiyo, kila kidonda cha shambani kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni. Usitie udongo, wala majivu, wala mavi ya ngombe. Halafu fika kwetu tuangalie kama chanjo yako imekwisha muda. Mwanamuke mwenye mimba asingoje kuumia. Chanjo yake inamulinda yeye na mutoto atakayezaliwa. Fuko vilevile anauma sana, meno yake yanafika kwenye mufupa. Usimushike kwa mukono mutupu, hata ukizani amekufa.

Wengi wanakula nyama yake, nami sikatazi. Lakini aliyekutwa amekufa mwenyewe, asiliwe, asiguswe, asipewe mbwa. Kwanza, pengine alikula sumu ya jirani. Pili, kuna viroboto. Katika Ituri, pande za Rethy na kuzunguka, tauni inajulikana tangu miaka ya 1920, na haijakwisha. Tauni inakuja kwa viroboto vya panya. Panya akifa, viroboto vinaacha mwili uliopoa na kutafuta mwili wenye moto, ndio wako. Mukiona panya wengi wanakufa ovyo kijijini ao shambani, musiwakusanye kwa mikono. Mupashe habari kituo cha afya siku ile ile. Na mutu akipata homa kali pamoja na uvimbe wenye uchungu katika kinena ao kwapa, ao kikohozi cha damu, aletwe upesi. Dawa ziko, na zinaponya kama mutu hakuchelewa. Wale niliowaona wakifa, wengi walikuwa wamepoteza siku mbili tatu kwa kutafuta nani amewaloga.

Mwenye kuchuna fuko aliyemukamata mwenyewe, amutie kwanza ndani ya maji ya moto viroboto vife, aoshe mikono kwa sabuni, apike nyama hata iive kabisa.

KAMA MUTU AMEKULA SUMU

Sasa ninarudi kwenye neno la kwanza. Ninajua kwamba watu wengine watanunua sumu hata baada ya kusoma haya, kwa hiyo lazima wajue wananunua nini.

Unga wa majivu wenye harufu ya kitunguu saumu mara nyingi ni fosifidi ya zinki. Ukifika tumboni unatoa hewa ya sumu inayoharibu moyo na mapafu. Hatuna dawa ya kuufuta. Tunamusaidia mugonjwa kupumua na kuungojea mwili wake. Vidonge vya kulinda maharagi ni ndugu yake, fosifidi ya alumini, navyo havingoji tumbo. Unyevu wa hewa unatosha. Kwa hiyo gunia lenye vidonge vile lisikae kamwe katika chumba cha kulala, hata kama unaogopa wezi. Jamaa nzima wanaweza kulala wazima na wasiamuke.

Sumu nyingine ya panya, mara nyingi ya vipande vyenye rangi nyekundu ao buluu, inazuia damu kuganda. Mutoto anayeikula anacheza vizuri siku mbili ao tatu, na wazazi wanasema amepona. Halafu fizi zinatoka damu, ao mukojo unakuwa mwekundu. Huyu tuna dawa yake, vitamini K, kama analetwa. Na kuna watu wanaotia ndani ya njia za fuko dawa ya kuua wadudu wa mboga. Mutu aliyekula hii anatoka jasho na mate mengi, macho yake yanakuwa na kitundu kidogo kama ncha ya sindano, pumzi inajaa maji. Huyu naye tuna dawa yake, atropini, lakini dakika zinahesabiwa.

Munaona basi kwamba sumu hizi si moja, na munganga hawezi kujua kwa kutazama mutoto tu. Leteni kikaratasi, kisanduku, chupa, chochote kilichobaki. Baba yule niliyemutaja hakuwa na jina la kutuambia, kwa kuwa muuzaji hakumupa jina.

Musimutapishe mugonjwa. Musitie vidole kinywani mwake. Musimunyweshe maziwa, wala mafuta ya mawese, wala maji ya majivu. Ninajua mama zetu walitufundisha maziwa, na zamani hata wanganga walifundisha kutapisha, lakini tumeona kwamba matapiko yanaingia mapafuni, na mafuta yanasaidia sumu zingine kupita haraka katika damu. Kama sumu imemwagika juu ya ngozi ao nguo, muvue nguo na kuosha mwili kwa sabuni na maji. Kama analala pasipo kujibu, mumulaze kwa ubavu. Kisha muondoke. Mutu mumoja akimbie mbele kutupasha habari ao kupiga simu, wengine wabebe. Asiyeonyesha alama yoyote aletwe vilevile, asingojwe hata asubuhi.

Na kama sumu iko nyumbani kwako leo, usiitupe chooni wala mutoni, wala usiifukie shambani ambako watoto wanachimba. Usiimimine ndani ya chupa ya soda. Ilete kwetu jinsi ilivyo, imefungwa, ukiishika kwa mukono wenye mufuko wa plastiki. Hatutakuuliza uliinunua wapi.

Muzee wa bustani yetu anaonyesha namna ya kupinda fito kila siku ya ine, baada ya maombi ya asubuhi, nyuma ya jiko la wagonjwa. Mutu alete fito yake na nyuzi za mugomba. Kitanzi atakufundisha yeye.